Gari la umeme lililochoka: usilibadili kabla ya kupima batri

Himbi, Goma. Mwenye gari la esansi akitaka kulibadili, maswali yake yanajulikana: la mwaka gani, limetembea kilometa ngapi, mota inatoa moshi au hapana? Tangu Birere mpaka Mugunga, hakosi fundi wa kumsaidia kujibu. Kwa gari la umeme maswali hayo hayatoshi, na asiyejua la kuuliza anaweza kupoteza akiba ya miaka kwa siku moja.

Magari hayo bado ni machache kwetu. Lakini wakaaji wa Goma wanajua namna bidhaa zinavyotufikia. Rwanda iliamua mwaka 2021 kuondoa ushuru na kodi kadhaa kwenye magari ya umeme. Ethiopia ilikataza kuingiza magari ya mafuta mwaka 2024. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Gari linalozeeka kwa jirani hutafuta mnunuzi mwingine, na mpaka wetu uko hatua chache. Ndiyo sababu tunasema mapema.

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, gari la umeme la mtumba linalotoka sana Japani. La kwanza lilitoka mwisho wa mwaka 2010, na batri ya kilowati-saa 24. Tangu 2017 likaja la 40. Batri yake haina mtambo wa kuipoza kwa maji, kwa hiyo joto huizeesha haraka. Hapo Goma ina bahati: tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari, na hewa ya ziwa si kali. Lakini hali yetu ya hewa haiwezi kurudisha nguvu ambayo gari lilikwisha kuipoteza mahali pengine.

Kwenye tablo ya Leaf kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya batri. Kijiti cha kwanza kikizimika, karibu asilimia 15 ya nguvu imekwenda. Vikibaki 8, batri ya 24 imebaki na 15 au 16 hivi. Kwa vilima vyetu na barabara za mawe ya volkano, tukihesabu kilometa 5 kwa kila kilowati-saa, gari hilo litakwenda kilometa 75 au zaidi kidogo. Batri ya 40 iliyobaki na asilimia 90 itafika kama 180.

Sasa mwenye gari ajiulize: kwa siku ninakwenda wapi? Kama ni Himbi mpaka mjini, kupitisha watoto shuleni Katindo na kurudi, gari la zamani bado linatosha, na pesa ya kuongeza juu inaweza kubaki nyumbani. Hata Sake, kwenda na kurudi, ni kilometa 50 na kitu. Anayehitaji kufika Kigali bila kusimama, huyo ana sababu ya kubadili. Tangu benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, kila familia inajua uzito wa dola iliyobaki mkononi. Isitolewe kwa sababu tu gari la jirani linang'aa zaidi.

Tena, batri ya Leaf ya kwanza imeundwa kwa vipande 48. Mara nyingine vipande vichache ndivyo vimechoka, na fundi aliyefunzwa anaweza kuvibadilisha. Tunasema aliyefunzwa: batri hiyo ina karibu volti 400, na inaua. Si kazi ya kijana wa garaji mwenye bisibisi na ujasiri.

Aliyeamua kubadili, awe mwangalifu kwa mambo matatu.

La kwanza: asiamini vijiti peke yake. Kuna wauzaji wanaotumia kompyuta kufuta kumbukumbu ya batri, vijiti vyote 12 vikawaka, na baada ya wiki kadhaa ukweli ukarudi. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu, husoma asilimia ya afya. Lakini kipimo kisichodanganyika ni barabara: lijaze gari, litembeze kilometa 40, halafu hesabu umeme uliotumika.

La pili: waya wa kuchajia. Nyumba za Japani zina umeme wa volti 100, kwetu ni 220. Gari lisilo na waya unaofaa lina gharama nyingine iliyofichika. Na kwa prizi ya kawaida ya nyumbani, batri ya 40 iliyokwisha huchukua saa 17 au zaidi kujaa. Goma inapata umeme wa maji wa Matebe na wa jua wa Nuru, na hiyo ni baraka ambayo miji mingi ya nchi hii haina. Lakini hatujasahau mwisho wa Januari 2025, mji ulipokaa siku kadhaa gizani na bila maji. Anayetegemea umeme peke yake ajipange.

La tatu: maandishi. Gari la zamani likitolewa na pesa kuongezwa juu, thamani ya kila gari iandikwe peke yake, pamoja na asilimia ya afya ya batri siku ya mapatano. Komisioneri anayekataa kuandika asilimia hiyo amekwisha kujibu swali lako.

Lakini raia peke yake hawezi yote. Wanaosimamia mji na mpaka wadai karatasi ya afya ya batri kwa kila gari la umeme linaloingia, kama wanavyodai karatasi za ushuru. Shule za ufundi zianze kufundisha vijana kazi hii sasa, kabla ajali ya kwanza haijatufundisha. Na pawe na mahali pa kupokea batri zilizokufa. Bila hapo, zitatupwa penye mawe ya volkano, na mvua itashusha sumu yake Ziwa Kivu, tunakochota maji.

Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake huingia katika batri. Madini yanatoka kwetu yakiwa mapya, kwa bei wanayopanga wengine. Tusikubali yarudi yamekufa, tukiyalipia mara ya pili kwa bei ya gari zima.