Magitaa ya Nairobi Nayo ni Yetu

Kila tukiandaa usiku wa Waafrika, nyimbo zinajulikana hata kabla spika hazijawashwa. Diamond, Alikiba, Sauti Sol, halafu Wanaijeria mpaka usiku wa manane. Sina ugomvi nao, hata mimi huwa nacheza. Ninachouliza ni hiki: mbona bendi zetu za roki hazipati hata dakika 5?

Jibu ninalolisikia sana ni kwamba roki ni kelele za Wazungu. Jamani, hilo halisimami. Gitaa la umeme ni letu tangu zamani. D.O. Misiani, mzaliwa wa Tanzania, alilitumia kuijenga benga huko Kenya, na alivyoimba siasa kukamtia matatani na wakubwa. Na hapa Dubai roki si kitu kigeni: Iron Maiden walipiga kwenye tamasha la Desert Rock mwaka 2007, na Nervecell, bendi ya metali, chimbuko lake ni mji huu huu.

Kuhusu kelele, ule mkwaruzo wa gitaa si kwamba fundi mitambo kakosea. Amplifaya inasukumwa kupita uwezo wake makusudi, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Mtu mwenye hasira naye huongea hivyo hivyo.

Na sababu za hasira zipo. Anzeni na Crystal Axis, vijana wa panki wa Nairobi. Wana wimbo uitwao "Nyayo House". Wakenya wengi tulioko huku tunalijua jengo hilo kwa foleni ya pasipoti. Lakini chini yake, enzi za Moi, kulikuwa na vyumba ambamo watu waliteswa kwa sababu ya siasa zao. Unatoka pale na pasipoti mkononi, unawaza ndege tu, hujui umekanyaga nini. Wana mwingine, "Leopold", unaomhusu yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake binafsi. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu hawahitaji maelezo.

Halafu tafuteni Duma, vijana wawili, na albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hii ni kali, kwanza punguza sauti! Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, alitoa yake mwenyewe mwaka 2024, The Adept, kwa kumkumbuka Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau na bibi katika ukoo wao. Anayetaka roki kwa Kiswahili awasikilize Parking Lot Grass.

Sasa, kusifia bila kununua ni maneno matupu. Bendi hizi hazina kampuni kubwa nyuma yao, na redio za nyumbani haziwapi nafasi ya maana. Bandcamp hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya nyimbo, na ukitoa ada ya malipo, kinachobaki kinakwenda kwa msanii au lebo yake. Dirham chache unazomaliza kwa chai ya karak kwa wiki zinatosha wimbo mmoja au miwili.

Ombi langu kwa kamati: usiku ujao tupeni robo saa. Atakayeona ni kelele atoke nje apunge upepo, Diamond atamkuta palepale.

Nawasilisha.