DNA peke yake haitoshi, jamani

Leo kwenye semina jamaa mmoja katamba: "Siku hizi ndege anatambuliwa maabara, porini tunapoteza nauli tu." Watu makofi! Mimi mtoto wa Urambo nikanuna.

Haya, sikilizeni. Kwetu miomboni yuko mlembe, ndege anayewaongoza warina asali hadi kwenye nyuki. Hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Mwaka 2011 Claire Spottiswoode na wenzake walitoa utafiti wao wa Zambia: DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama, ilionyesha milembe wa viota vya ardhini na wale wa mashimo ya mitini ni koo mbili zilizotengana mamilioni ya miaka. Spishi mbili, siyo? Thubutu! DNA ya kiini haikuonyesha mgawanyiko huo. Wanaoana kama kawaida. Spishi ni moja.

Na nani alijua kinda yupi katoka kiota kipi? Wenyeji wa Choma, waliovitafuta viota kwa miguu. Bila wao, sampuli zingebaki herufi tupu.

Maabara naitaka, tena sana. Ila anayemdharau mrina asali asijiite mwanabiolojia. Nawasilisha.