Staftahi ya Haraka kwa Walioko Eldoret

Dada zetu mliohamia Eldoret, mbaazi za asubuhi huwacheleweshea watoto kwa sababu: mji huo u juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Basi watoto wasitoke na chai tupu katika baridi ile. Kaangeni kitunguu maji na pilipili boga, tieni nyanya hadi zikauke maji, kisha konzi mbili za mchicha uliokatwa. Mimineni mayai 4 yaliyopigwa kwa chumvi na bizari ya manjano, mfunike kwa moto mdogo hadi yagande juu. Sisi hatuyageuzi; mchicha hutawanyika. Yaliwe moto, kwa mkate au chapati za jana.