RIWAYA SI MALI YA WANAFUNZI PEKE YAO



Limeletwa mbele ya Chama chetu shauri ambalo litaamuliwa katika mkutano mkuu ujao. Shauri lenyewe ni kwamba riwaya zote zilizomo katika kabati letu la vitabu zitolewe zipelekwe shuleni, na kwamba tangu sasa fedha za vitabu zinunue vitabu vya mitihani na vya kanuni za kazi tu. Hoja ya ndugu waliolileta ni fupi. Wasema kuwa riwaya ni kazi ya wanafunzi, na mtu mzima aliyekwisha kupata cheti chake hana haja nazo. Sisi twalipinga shauri hili, na twaomba nafasi tueleze kwa nini.

Kwanza twauliza, ni nani aliyewaambia ndugu zetu kwamba riwaya ziliandikwa kwa ajili ya watahiniwa? Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia ukarani katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akatumika humo hata mwaka 1944, ndipo akahamia idara nyingine za Serikali. Kitabu chake Kusadikika kilipotoka mwaka 1951, alikuwa angali mtumishi kama sisi. Basi karani mwenzetu ameandika, na leo makarani ndio wanaosema kwamba maandiko yake hayawahusu!

Na kitabu hicho chasema nini? Karama ashitakiwa na Majivuno, waziri wa Kusadikika, kwa kosa la kufundisha watu sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kwenda kutafuta mambo ya manufaa. Walikwenda, wakataabika, wakarudi na mashauri mema, na malipo yao yakawa kifungo. Ndugu wanachama, mtoto wa miaka kumi na saba atayaelewaje haya? Yeye huulizwa ataje majina ya wajumbe, ayataja. Huulizwa aeleze dhamira, aandika ile aliyoandikiwa ubaoni. Lakini mtumishi aliyetumwa wilayani akachunguza jambo, akaandika taarifa kwa uaminifu, kisha akaiona imelala katika jalada mwaka hata mwaka, huyo akimsoma Karama hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Kitabu kile kilikuwa chetu tangu mwanzo. Tulipewa tu kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Shule haikukosea kutupa vitabu vile. Bila shule wengi wetu tusingalivijua hata kwa majina. Lakini mtihani huuliza lile linaloweza kutiwa alama, na raha haitiwi alama. Tulilishwa embe bichi, meno yakaingia ukakasi, na sasa wako wanaotaka mwembe ukatwe kwa kuwa matunda yake ni makali! Embe limekwisha kuiva, ndugu zetu. Lionjeni tena kabla ya kushika shoka.

Twatoa mfano wa pili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilikatazwa shuleni. Katika ujana wetu aliyekipata kitabu kile alikisoma kwa siri, akitafuta kurasa zilizokuwa zikinong'onwa. Leo tu wazazi. Tukikifungua sasa, anayetushika shati si Rosa bali ni Zakaria, baba yake, ampigaye binti kwa ajili ya barua ya mvulana, huku yeye mwenyewe ameshindwa na pombe. Maneno ya kitabu hayakubadilika hata moja. Waliobadilika ni sisi. Mzazi asiyekirudia kitabu hiki amejinyima kioo.

Na asije mtu akadhani kwamba twatetea vitabu vya mafundisho tu. Mtu akirudi nyumbani amechoka kwa hesabu za mchana kutwa, naye akamfuata Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, kwa kuwa ataka tu kujua ni nani aliyeua, je, amefanya kosa gani? Hana kosa. Kustarehe kwa akili ni haki ya mfanyakazi kama vile kustarehe kwa mwili. Kuli wa Unguja waliogoma mwaka 1948, ambao Adam Shafi alitutungia habari zao katika riwaya ya Kuli mwaka 1979, hawakugoma ili wapate kazi zaidi. Binadamu hufanya kazi ili aishi, na kuishi si kula na kulala tu.

Twajua watajibu kwamba wakati hakuna. La hasha! Wakati wa kubishana habari za mpira waonekana kila Jumatatu, na hatuusemi kwa ubaya, maana nasi tumo. Kurasa kumi kila usiku ni kurasa mia tatu kwa mwezi, na riwaya nyingi za Kiswahili hazifiki hesabu hiyo.

Watajibu tena kwamba riwaya haimpandishi mtu cheo. Ni kweli, nasi hatutadanganya mtu. Lakini tazameni barua zitokazo katika ofisi zetu: sentensi zisizo na kichwa wala miguu, maneno yaliyokopwa hovyo, mwananchi aisoma mara tatu asijue kama amekubaliwa au amekataliwa. Vitabu vya kanuni havikumfundisha mtu kuandika Kiswahili kizuri. Lugha hupatikana kwa kukaa na wenye lugha, na wenye lugha wamo katika kabati hilo linalotakiwa kufagiliwa.

Hatusemi kwamba vitabu vya mitihani visinunuliwe. Vinunuliwe, maana wapo vijana wetu wanaovihitaji. Lakini twataka mkutano uamue mambo matatu. La kwanza, riwaya zibaki mahali pake. Na kama twataka kuzisaidia shule, jambo ambalo ni jema, tuchange tuzinunulie nakala mpya, si kuzitupia zile tunazozikimbia. La pili, fedha za vitabu zigawanywe nusu kwa nusu. La tatu, kila mwanachama aazime riwaya moja aliyopata kuisoma shuleni, aisome bila kalamu mkononi, kisha azungumze na wenziwe juu yake akipenda. Asiulizwe swali wala asipewe alama.

Ndugu zetu waliolileta shauri hili twawaheshimu. Twawaomba jambo moja tu: kabla ya kuinua mikono yao siku ya mkutano, kila mmoja na atwae Kusadikika kabatini, akisome mpaka mwisho. Akiisha kukisoma na bado akasema kuwa ni kitabu cha watoto, basi na apige kura yake.