Amri Isibadilishwe Usiku

Mwaka 1967 wasomaji wa Kiswahili walipata Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya hadithi ya George Orwell iliyotoka mwaka 1945. Wengi huona kwamba nguvu za nguruwe Napoleon zilikuwa katika meno ya mbwa wake. Sisi tunaamini kwamba mbwa peke yao wasingetosha. Aliyewakamilisha ni msemaji wake, mwenye ulimi laini na kopo la rangi.

Amri saba ziliandikwa ukutani zimlinde kila mnyama. Nguruwe walipotaka kulala vitandani, hawakuifuta amri iliyokataza; waliiongezea maneno machache tu. Posho ya chakula ilipopunguzwa, tendo hilo liliitwa marekebisho. Farasi Clover, asiyejua kusoma, alisomewa na mbuzi amri ile iliyokwisha kugeuzwa. Badala ya kuutilia shaka ukuta, akaitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe. Hapo ndipo utawala wa mabavu ulipokamilika.

Funzo hili linawahusu wenye madaraka na raia pia. Ofisi inayopunguza huduma haina budi kusema kwamba inapunguza, na kutaja sababu. Sheria ikirekebishwa, na itangazwe mchana kweupe yapi yameongezwa na yapi yameondolewa, kwa Kiswahili anachokielewa mvuvi na mchuma karafuu. Nasi raia ni wajibu wetu kusoma, kuhifadhi na kuuliza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.