Sumukuvu na Debe la Mahindi la Babati

Mvua za masika zinapokatika na mahindi kuvunwa katika mashamba ya Dareda, Bonga na Gallapo, mavuno hayo hufuata njia mbili. Sehemu moja hupakiwa katika malori mjini Babati na kwenda sokoni kwa barabara ya Arusha au ya Dodoma. Sehemu ya pili hubaki nyumbani, na kila wiki debe moja huchukuliwa kwenda mashineni kusagwa unga wa ugali na uji. Gunia la sokoni huweza kukutana na mkaguzi na kipimo chake. Debe la nyumbani halipimwi na mtu yeyote, nalo ndilo linalolisha watoto.

Tofauti hiyo yastahili kufikiriwa sana, kwa kuwa maarifa yanayohusu hatari iliyomo ndani ya debe hilo ni miongoni mwa maarifa yaliyothibitishwa kwa ukamilifu zaidi katika historia ya baiokemia. Hatari yenyewe ni sumukuvu, na hasa ile iitwayo aflatoksini B1, ambayo hutengenezwa na kuvu wa aina ya Aspergillus flavus katika nafaka na karanga zilizopatwa na ukame shambani au unyevu ghalani.

Sumu hii iligunduliwa kutokana na msiba wa ndege. Mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Huko Marekani, katika chuo cha MIT, Gerald Wogan aliyekuwa bado kijana aliifanya sumu hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Mwaka 1963 yeye, mwanakemia George Büchi na wenzao walitangaza umbo la molekuli yake. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa panya waliolishwa mikrogramu 15 tu za sumu hiyo katika kila kilo ya chakula walipata saratani ya ini. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki mdomoni.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: sumu hii huifanya nini seli hata igeuke kuwa saratani? Jibu lilipatikana mwaka 1977, pale John Essigmann, Wogan na wenzao walipoeleza namna inavyojishikiza kwenye DNA. Yafaa wanafunzi waufahamu mwendo wenyewe, maana una ajabu yake. Aflatoksini inapoingia mwilini bado haina uwezo wa kuidhuru DNA. Ini, likijitahidi kuibadilisha ili iweze kutolewa kwa mkojo, huiongezea oksijeni kwa kutumia vimeng'enya vyake, na kwa kufanya hivyo huigeuza kuwa epoksaidi iliyo kali mno. Epoksaidi hiyo hunata kwenye guanini, mojawapo ya besi nne za DNA. Seli inapogawanyika na kuinakili DNA yake, mahali pale penye guanini iliyoharibika huweza kusomwa vibaya, na besi ya timini ikawekwa pasipo pake. Kwa maneno mengine, ini hudhurika katika jitihada yake ya kuusafisha mwili.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, waliochunguza uvimbe wa wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika, yalikuta kosa la namna hiyo hiyo mahali pamoja: kodoni ya 249 ya jeni TP53, jeni ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Kisha ukaja uchunguzi wa wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai. Waliokutwa na alama za aflatoksini katika mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wasio nazo. Wenye virusi vya homa ya ini B, mara 7.3, na waliokuwa na vyote viwili, mara 59. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Upande wa chakula haujapata hatua ya kulingana na hiyo.

Wala isidhaniwe kuwa Afrika Mashariki iliachwa nyuma katika utafiti. Wogan mwenyewe alishirikiana na wenzake kupima sampuli 480 za vyakula vya Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kuwa karibu 3 katika kila 10 zilikuwa na aflatoksini. Mwaka 1973 ulichapishwa uchunguzi kama huo wa Murang'a, Kenya. Imekwisha kupita nusu karne tangu wakati huo.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwamo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, ambazo hazipo mbali na Babati. Waliougua walikuwa 68 na waliofariki 20. Miaka mitano baadaye, Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na kwa siku chache suala la sumukuvu likazungumzwa kila mahali, kuanzia ofisi za serikali hadi vijiwe vya madalali, hata zuio lilipoondolewa kwa masharti. Ni halali taifa kuhangaikia soko lake. Lakini inasikitisha kwamba kufungwa kwa mpaka kulizusha mjadala mkubwa kuliko makaburi 20.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu zisizozidi 5 za aflatoksini B1 kwa kilo ya mahindi, na 10 za aflatoksini zote kwa jumla. Ni kiwango kizuri, ila kimeandikwa kwa ajili ya bidhaa iuzwayo, na chakula cha familia nyingi za vijijini hakiuzwi. Watafiti wa Kitanzania, Candida Shirima, Martin Kimanya na wenzao, waliwafuatilia watoto 166 waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 14 walipoanza kuchunguzwa, katika mikoa ya Tabora, Iringa na Kilimanjaro. Katika mwaka mmoja wastani wa alama ya aflatoksini katika damu yao ulipanda kutoka pikogramu 4.7 hadi 23.5 kwa kila miligramu ya albumini. Hicho ndicho kipindi ambacho mtoto hupunguza kunyonya na kuzidisha uji.

Shule za sekondari za Babati zina nafasi ya pekee hapa. Mwalimu wa biolojia anayefundisha DNA kwa michoro ya ubaoni angeweza kuleta punje za mahindi darasani, na somo likaishia nyumbani kwa mwanafunzi. Ipo njia rahisi ya kuchunguza unyevu: punje hutiwa katika chupa ya kioo iliyo kavu hadi theluthi yake, huongezwa vijiko vichache vya chumvi kavu, chupa hufungwa, hutikiswa kwa muda wa dakika moja, kisha huachwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Hata isiponata, mkulima aendelee kuanika juu ya turubai, kwa kuwa mahindi ya kuhifadhiwa hayapaswi kuzidi asilimia 13 hivi. Ieleweke pia kwamba jaribio hili hupima maji tu, halipimi sumu.

Kuchambua punje zilizooza na kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu nyingi hukaa katika ganda na kiini. Kupika hakuiondoi: ugali hauchemki kwa joto la kuivunja. Hapa ndipo ushauri wa kila siku unapokuwa mwepesi mno. Mama huambiwa achague mahindi mazuri, asielezwe la kufanya na mabaya. Pumba akimpa ng'ombe, sumu hurudi ndani ya maziwa katika umbo la aflatoksini M1. Punje mbovu akiwapa kuku, hudhurika kuku. Na katika mwaka wa ukame, ambao ndio mwaka kuvu hushamiri shambani, kumtaka mwenye debe mbili atupe moja ni kumtaka alale njaa.

Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachiwa kaya peke yake. Mahali pa kupimia papo tayari, nayo ni mashine ya kusaga, ambako takriban kila debe la kijiji hupita. Halmashauri zilizoweza kupeleka mizani minadani zinaweza kupeleka huko vipimo vya haraka vya sumukuvu wakati wa mavuno, pamoja na utaratibu wa kumpa mwananchi nafaka salama badala ya ile iliyokutwa na sumu. Pasipo sehemu hiyo ya pili, hakuna mama atakayekubali debe lake lipimwe.