Slaidi Isiwe Fanani: Fasihi Simulizi na Mawasilisho ya Wanafunzi wa Uhandisi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekuwa kimbilio la wanafunzi wengi wa uhandisi katika vyuo vikuu vya Kenya. Mwanafunzi hutumia mwaka wake wa tano, ambao ndio wa mwisho, akibuni mtambo, akiuunda, akiupima na kuurekebisha. Kisha siku ya kuuwasilisha mbele ya jopo la watahini huamini kuwa mtambo wenyewe utajisemea. Huzijaza slaidi zake maandishi hadi pembeni, akaipa hadhira mgongo, akayasoma maandishi hayo neno kwa neno mpaka dakika zikamwishia kabla hajayafikia matokeo. Chema chake hakijiuzi. Huzikwa kikiwa hai.

Makala haya yanashikilia kwamba kasoro hiyo haitokani na upungufu wa vyombo wala na Kiingereza kibovu, kama inavyodhaniwa aghalabu. Ni kasoro ya utendaji. Na kwa kuwa utendaji ni uwanja wa fasihi simulizi, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana neno la kusema kuhusu suala hili. Kunyamaza kwao ni hasara kwa pande zote mbili.

Gharama ya slaidi mbovu

Huenda msomaji akauliza: kwani slaidi mbovu humdhuru nani, ila mwanafunzi aliyepoteza alama mbili tatu? Jibu limo katika historia ya uhandisi wenyewe. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilirushwa kikiwa na wanaanga 7. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu gumu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta, kikaugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Chombo kingali angani, wahandisi walikadiria madhara ya kishindo hicho na kuyawasilisha kwa wakubwa wao kwa njia ya slaidi. Mojawapo ya slaidi hizo ilichambuliwa baadaye na Edward Tufte, msomi wa Kimarekani aliyebobea katika uwasilishaji wa takwimu, na uchambuzi wake ukatiwa katika ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotolewa mwezi wa Agosti mwaka huo.

Kichwa cha slaidi hiyo kilituliza moyo. Kilimwachia msomaji picha kwamba makadirio yaliegemea upande wa tahadhari. Chini yake kulikuwa na vitone ndani ya vitone, ngazi baada ya ngazi. Habari nzito kuliko zote ilitupwa mkiani kabisa: kwamba kipande kilichokigonga chombo kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi 1,920, ilhali vipande vilivyotumiwa katika majaribio vilikuwa na ujazo wa inchi 3 tu. Tofauti hiyo ni ya mara 640. Kwa maneno mengine, majaribio yaliyotegemewa hayakuwa na uhusiano wa karibu na ajali yenyewe. Lau habari hiyo ingelitiwa kinywani mwa msimulizi stadi asiyejua hata kuwasha tarakilishi, angeliwaambia wakubwa wale: "Sisi tulijaribu kwa kitu cha kujaa vijiko vitatu vya mezani, kilichotugonga kinapita mtungi mmoja na nusu wa lita 20." Hakuna mkubwa ambaye angelisinzia baada ya sentensi hiyo.

Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilisambaratika juu ya jimbo la Texas ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Si haki kudai kwamba slaidi ndiyo iliyowaua. Kilichokitoboa chombo ni lile povu, na yapo pia maamuzi ya wakubwa, yakiwemo ya kutofuatilia maombi ya wahandisi waliotaka bawa lile lipigwe picha angani. Hata hivyo, tume iliona kwamba mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti kamili za kitaalamu yalikuwa sehemu ya ugonjwa wa asasi nzima. Wahandisi walikuwa na ukweli mkononi, lakini waliupanga kwa namna iliyowazuia wengine kuuona. Mwanafunzi anayejifunza leo kuficha jambo kuu chini ya vitone ndiye mhandisi atakayeandika kesho kuhusu ufa wa daraja au wa ukuta wa bwawa.

Fanani, hadhira na tukio

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaifahamu vyema hoja ya M. M. Mulokozi kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha wake: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Vipengele hivi vikielekezwa kwenye ukumbi wa mawasilisho ya wahandisi, makosa mengi hujidhihirisha.

Kwanza, ni nani fanani? Katika mawasilisho mengi fanani amekuwa projekta, naye mwanafunzi akawa msaidizi wa kubonyeza kitufe. Mpangilio huu umepinduka. Kwa mtambaji wa jadi, zeze, njuga au mkongojo ni maleba na vifaa. Humwongezea nguvu wala havimpokonyi nafasi yake. Slaidi nayo ni kifaa cha jamii hiyo hiyo. Ipo njia rahisi ya kujua kama imebaki mahali pake: umeme ukikatika, jambo ambalo si geni nchini, je, wasilisho litaendelea? Mwanafunzi anayeielewa kazi yake atachukua chaki, achore mchoro mmoja ubaoni na kuendelea. Aliyeikabidhi slaidi kazi ya ufanani atasimama bubu hadi taa zirudi.

Pili, hadhira. Fasihi simulizi haijapata kuichukulia hadhira kuwa gogo. Mtambaji husema "Paukwa", akangoja "Pakawa" ndipo aendelee, kwa sababu asipojibiwa hujua kwamba hana watu. Mwanafunzi wa uhandisi hana budi kuwa na paukwa yake, yaani swali au tatizo ambalo hadhira italikubali kuwa ni lake kabla ya kuelezwa mtambo. Badala yake wengi huanza na slaidi ya yaliyomo, kisha historia ndefu ya nadharia, hivi kwamba hadhira hufika dakika ya saba bila kujua kinachotatuliwa ni nini.

Aidha, utafiti wa kisaikolojia unaunga mkono hekima hii ya jadi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza ujifunzaji kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba watu huelewa zaidi wakitazama picha huku wakisikiliza maelezo kuliko pale maelezo yayo hayo yanapoandikwa tena kando ya picha. Macho huvutwa huku na huku, yasome au yatazame. Sikio nalo huachwa na sauti isiyofuatwa. Anayesoma slaidi yake kwa sauti hairudii hoja ili ikolee. Anaishindanisha na nafsi yake.

Michael Alley, mwalimu wa mawasiliano ya kihandisi, amependekeza dawa iliyo nyepesi: kichwa cha slaidi kisiwe neno moja la jumla, bali kiwe sentensi kamili yenye dai, na chini yake pawepo ushahidi wa mchoro, picha au grafu. Tuchukue mfano wa mradi wa kikaushio cha mahindi. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui. Kuvu wanaotoa sumu hiyo husitawi katika nafaka isiyokauka vyema, na ndiyo maana viwango vya Kenya havikubali mahindi ya kuuzwa yazidi unyevu wa asilimia 13.5. Mwanafunzi aliyeunda kikaushio kinachotumia joto la jua ana jambo la uhai na mauti mkononi mwake. Lakini slaidi yake kuu imeandikwa "Matokeo", na chini yake pana jedwali la safu 9 na mistari 20. Tuseme vipimo vyake vilionyesha kwamba mahindi yalitoka unyevu wa asilimia 20 hadi 13 kwa siku moja. Basi na aandike hivyo hivyo juu ya slaidi: "Kikaushio hiki kinayafikisha mahindi kwenye kiwango salama kwa siku moja." Chini yake atie grafu moja yenye mstari unaoteremka, na mstari mwingine wa kiwango cha 13.5 uliokolezwa rangi. Kisha anyamaze kidogo, hadhira itazame. Jedwali lile halitupwi. Linangoja katika ripoti, na mtahini akilihitaji ataletewa.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba uhandisi si hadithi za sungura na fisi. Kwamba ufundi wa kusema unaweza kumfunika mtu asiye na kazi, na ulimi mtamu ukapewa alama zilizostahiki mkono mgumu. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Lakini linathibitisha tu kwamba wasilisho la mdomo na ripoti iliyoandikwa ni tanzu mbili, kila mmoja na kanuni zake. Ripoti hubeba hesabu zote, dosari zote na mipaka yote ya kazi. Wasilisho hubeba dai, ushahidi wake mkuu na sababu ya kujali. Slaidi iliyosheheni maandishi hujaribu kuwa zote mbili ikaishia kutokuwa yoyote: ni fupi mno kuwa ripoti na ndefu mno kuwa usemi. Isitoshe, usemi ulio wazi haumfichi mvivu. Dai likisemwa kwa sentensi moja, watahini hujua mara moja waulizie wapi. Anayependa kujificha hupendelea ukungu.

Pingamizi la pili ni la lugha. Inasemekana kwamba uhandisi nchini hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo wanaokienzi Kiswahili hawana la kufanya katika kumbi hizo. Dai hili halisimami. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Mwananchi atashirikije katika mradi wa maji, barabara au umeme ikiwa mhandisi hawezi kuueleza ila kwa lugha ya jopo lake? Wala tusijifunike kwa kilio cha uhaba wa istilahi. Tangu mwaka wa 1990 TUKI ilikuwa imechapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kani, nishati, ukinzani na mkondo si maneno ya jana. Istilahi zinazokosekana zipo, lakini kwa mkulima wa Makueni kinachotakiwa ni sentensi aliyoizoea, nayo Kiswahili kimeijaa tele.

Nyumba ya jirani na nyumba yetu

Kabla ya kuwanyoshea wahandisi kidole, wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kujitazama. Katika semina na makongamano mengi ya Kiswahili, msomi anayeisifu hadhira hai ya fasihi simulizi husoma slaidi zenye aya nzima nzima, akiwa ameinamisha kichwa, huku hadhira yake hiyo hai ikisinzia. Anayefundisha utendaji bila kutenda hawezi kumshawishi mhandisi wala mtu mwingine yeyote. Nyani haoni kundule.

Baada ya kujirekebisha, yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kungoja fedha wala waraka wa serikali. La kwanza ni vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kuwaalika wenzao wa uhandisi kwenye vikao vya mazoezi wiki chache kabla ya mitihani ya miradi. Wanafunzi wa Kiswahili wakae kama hadhira isiyo ya kitaalamu, na kila penye giza wanyoshe mkono. Mahali wasipoelewa ndipo slaidi inapohitaji kuvunjwa na kuundwa upya. La pili ni idara za Kiswahili kuomba kushiriki katika kozi za stadi za mawasiliano, ambako mada ya utendaji, yaani sauti, kituo, ishara na mtazamo wa macho, ifundishwe na wale walioisomea. La tatu, ambalo huenda likaleta ubishi, ni kila mwanafunzi wa uhandisi kutakiwa kutumia dakika mbili za mwisho za wasilisho lake kuueleza mradi kwa Kiswahili, bila slaidi, kana kwamba anazungumza na watu watakaoutumia.

Dakika mbili hizo zitakuwa mtihani mgumu kuliko zote zilizotangulia. Mwanafunzi atakayezimudu atakuwa ameonyesha kwamba anauelewa mtambo wake kiasi cha kuuvua nguo za istilahi na bado ukasimama. Atakayeshindwa atakuwa amejua mapema, chuoni, ambako kosa hulipiwa kwa alama. Kule nje, kama wanaanga wale 7 wanavyotukumbusha, hulipiwa kwa kitu kingine.